Figo na Kipindupindu Katika Ufuo Wetu



Ndugu zangu, nimeombwa niandike kuhusu figo kuumia ghafla. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, kwetu Rumonge, kwa hiyo nitaanza na kipindupindu. Ufuo huu wa Tanganyika, kutoka Bujumbura hadi Nyanza-Lac, unakijua vizuri. Tarehe 1 Januari 2023 serikali yetu ilitangaza tena mlipuko. Watu wengi wanadhani kinaua kwa kuharibu tumbo. Kinachoua hasa ni maji na chumvi kutoka mwilini, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema.

Mtu akiwa ametulia, karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo. Kwa siku huchuja takriban lita 180, halafu karibu yote hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja au mbili ya mkojo. Kazi hiyo inahitaji msukumo wa damu. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Damu hupungua, msukumo hushuka, uchujaji husimama. Mwanzoni figo yenyewe bado nzima: ukirudisha maji mapema, hurudi kazini. Ukichelewa, seli za vijifereji vyake hufa kwa kukosa hewa ya oksijeni, na hapo maji peke yake hayatoshi.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi: vidonge vya maumivu. Mtu anaharisha, tumbo linamkata, mwenzake wa chumbani anampa diklofenaki au ibuprofeni. Damu inapopungua, figo hujiokoa kwa kupanua mshipa mdogo unaoiletea damu. Dawa hizi huzuia upanuzi huo. Yaani figo iliyokuwa ikijikaza isife, tunaifungia mlango. Parasetamoli, kwa kipimo chake, haina balaa hilo. Dawa za mitishamba nazo baadhi huumiza figo, na ugumu ni kwamba hakuna anayejua kikombe kile kina nini na kiasi gani. Malaria kali pia huumiza figo, na uzazi wenye kutoka damu nyingi. Hayo yanahitaji makala yake.

Figo zikisimama, potasiamu hupanda katika damu, nayo inaweza kusimamisha moyo bila taarifa. Asidi hujaa, mgonjwa anahema haraka. Miguu huvimba, maji huingia mapafuni, akili huchanganyikiwa. Mtu mzima anayekojoa chini ya mililita 400 kwa siku, kama chupa ndogo ya soda na kidogo zaidi, yuko hatarini. Wengine hupona kabisa; wengine hubaki na figo dhaifu, na kusafishwa damu kwa mashine ni gharama ambayo familia nyingi za wavuvi na wakulima wa mawese haziiwezi.

Kuna swali la swaumu. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Abu Dawud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kuacha kuoga janaba, akaoga akafa, Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali. Anayeharisha mfululizo mwezi wa Ramadhani msimwambie avumilie hadi magharibi.

Mpeni maji ya chumvi na sukari tangu choo cha kwanza: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka hospitali. Kama mkojo umeshakatika, kiasi cha maji kiamuliwe huko, kwani figo iliyofunga haitoi ya ziada. Mwambieni muuguzi amekojoa mara ya mwisho saa ngapi na amemeza dawa gani, na pakiti yake mwende nayo.