Bwawa Karibu na Nyumba

Bangladesh ni nchi tambarare yenye mito mingi, nayo hufurika wakati wa mvua. Kwa hiyo watu wa mashamba huchimba udongo ili wainue kiwanja cha nyumba, na shimo hujaa maji likawa bwawa. Humo huoga, hufua nguo, hufuga samaki. Bwawa ni mali. Lakini kwa mtoto mdogo ni hatari kuu.

Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Lakini mtoto wa miaka miwili huzama kimya, hatua chache tu toka mlangoni, mama akiwa katika kazi zake za asubuhi.

Basi, ikiwa mama hana budi kufanya kazi, nani atamwangalia mtoto? Katika vijiji vingi huchaguliwa mwanamke wa papo hapo, akafundishwa, naye hulinda watoto wadogo tangu saa tatu asubuhi hata saa saba mchana. Wakubwa kidogo hufundishwa kuogelea. Kwa njia hizo vifo vimepungua sana.

Mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao hawakutimiza miaka mitano.

Nawe, ukiachiwa mdogo wako, usimwache hata kitambo kidogo. Ukiona mwenzako anazama, usijitose: piga kelele, umtupie kamba au umnyoshee mti mrefu.

Maswali
1. Mabwawa hayo yalipatikanaje?
2. Kwa nini mama hasikii mtoto akizama?
3. Kwenu ni maji gani yaliyo karibu na mlango?