Motokaa ya Dizeli Ikilegea Ghafula

Wasomaji wa Lemara na pande zote za Meru, jueni ya kuwa injini ya dizeli haina plagi za cheche. Injini ya Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani, iliyopimwa mwaka 1897, hushindilia hewa hata iwe moto sana. Mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Basi hutaka hewa na mafuta safi.

Motokaa kuukuu ikilegea mlimani, nawe umempakia mgonjwa, usikimbilie kufungua pampu, maana gharama yake ni kubwa. Isimamishe, weka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha kumbuka moshi wake ulivyokuwa.

Kama ulikuwa mweusi, yamkini hewa haitoshi. Tazama kama chujio la hewa limezibwa na vumbi, au mpira upitishao hewa umechomoka.

Kama haukuwa mweusi, yamkini mafuta hayafiki. Mwaga maji yaliyotuama chini ya chujio la mafuta, au libadili. Kisha kaza viungo vya mabomba, kwani hewa ikiingia humo injini hudhoofika.

Hayo yasipofaa, ndipo umwite fundi. Aanzaye na dogo huokoa fedha yake, na pengine roho ya mtu.