Vidonge vya Kupunguza Unene na Amri ya Tano

Mtu aendaye Mafia kwa njia ya bahari hupanda chombo Nyamisati hata afike Kilindoni. Lakini tangazo la vidonge vya kupunguza unene halingoji chombo wala maji kujaa; huingia nyumbani kwa njia ya simu. Kwa hiyo yatupasa wazazi Wakristo, wa visiwani na wa bara, kujifunza jambo hili sawasawa.

Wazee wetu wa pwani waliuhesabu unene kuwa dalili ya neema. Leo waganga wanatufundisha kwamba uzito uliozidi huandamana na ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Basi, kutaka kuupunguza si dhambi, bali ni kuitunza zawadi ya Mungu. Shida ni njia tunayoifuata.

Kwanza, tuangalie yaliyopita. Katika miaka ya 1930 watu wa Marekani walimeza dawa iitwayo dinitrofenoli. Walikonda kweli, lakini wengine walipofuka kwa mtoto wa jicho, na wengine walikufa kwa joto la mwili. Mwaka 1938 ilitangazwa huko kuwa haifai kuliwa na binadamu. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa sokoni kwa kuharibu vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini nayo iliondolewa Ulaya na Marekani, kwa kuwa iliwazidishia wagonjwa wa moyo hatari ya kushikwa na moyo na kupooza. Hata hivyo, mara nyingi imegunduliwa imefichwa ndani ya vidonge viitwavyo dawa za miti shamba.

Pili, zipo dawa halali. Orlistati huzuia sehemu ya mafuta ya chakula isiingie mwilini. Huweza kuharisha mafuta na kupunguza vitamini. Sindano ya semaglutidi hupunguza njaa. Huleta kichefuchefu, na mwanamke anayetaka kupata mimba huiacha angalau miezi miwili kabla. Kwa kawaida mganga hutoa dawa hizi ikiwa uzito wa mtu kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wake kwa mita, kisha tena kwa urefu huo, wafikia 30. Au 27, iwapo ana ugonjwa uletwao na unene. Mama mwenye kilo 77 na urefu wa mita 1.60 amefikia 30. Mwenye kilo 60 na urefu huo huo hana haja nazo.

Tatu, zapatikana wapi? Duka la Dawa Muhimu limeruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya dawa, na hizi hazimo. Hutolewa kwa cheti cha daktari katika famasi iliyosajiliwa, nazo ziwe zimekubaliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sindano isiyofunguliwa hutunzwa kwenye baridi. Iliyosafirishwa juani ndani ya mfuko haiaminiki. Tena mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya semaglutidi za bandia.

Sasa fikirini mama wa Jibondo aliyemeza kidonge asichokijua, na usiku moyo wake ukaanza kwenda mbio. Hana budi kuvuka maji kwa mashua hata Utende, kisha kushika njia ya Kilindoni penye hospitali. Muuzaji wa kwenye simu hatakuwapo.

Amri ya Tano haikatazi kuua wengine tu. Yatuamuru pia kuilinda afya yetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yataja fadhila ya kiasi, ituepushayo na kupita kiasi katika chakula, na hata katika dawa. Aidha yatuonya tusiufanye mwili kuwa mungu. Basi mume asimcheke mkewe kwa unene, wala mama asimdhihaki binti yake. Maana dhihaka ya nyumbani ndiyo humpeleka mtu kwa muuzaji wa siri.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, sukari na mafuta tunayotumia nyumbani mwetu ni ya kiasi?
2. Je, yumo kwetu anayemeza dawa kwa siri? Nani atakwenda naye kwa mganga, bila kumwaibisha?
3. Je, tunampenda kila mmoja wetu kama Mungu alivyomwumba?