Buti Bichi Hula Faida: Hesabu ya Miguu ya Wachukuzi

Mwenye ghala wa Malindi au Mlandege anaijua bei ya gunia, kodi ya chumba na nauli ya gari. Gharama ambayo aghalabu haiingii daftarini ni ya mchukuzi anayekosa kazi kwa sababu vidole vimechubuka ndani ya buti. Kwa kibarua wa kutwa, hasara hiyo ni posho yake. Kwa mwenye mali, ni mzigo unaosubiri.

Miguu miwili ya mtu ina tezi za jasho zipatazo 250,000. Jasho lenyewe halinuki. Harufu huletwa na bakteria wanaokula jasho na ngozi iliyokufa. Ndani ya buti zito jasho halina pa kutokea. Ngozi hulainika, fangasi huota kati ya vidole, na ufa mdogo huwa mlango wa vijidudu. Kwa mwenye kisukari, ufa huo unaweza kuishia kwenye kukatwa mguu.

Unguja kuna mambo mawili yanayozidisha tatizo. Kwanza, hewa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, hivyo buti lililolowa jioni huwa bado bichi alfajiri. Lililoingia maji ya bahari huchelewa zaidi, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu. Lisuuzwe kwanza kwa maji ya bomba. Pili, wachukuzi wengi hutawadha kazini adhuhuri na alasiri, kisha hurudisha miguu mibichi katika soksi zile zile za asubuhi.

Dawa ya kwanza ni kuwa na jozi mbili za mabuti, zivaliwe kwa zamu. Chukua mfano wa jozi ya Sh 60,000 inayodumu miezi 6 ikivaliwa kila siku. Kwa mwaka zitanunuliwa jozi mbili, yaani Sh 120,000. Zikinunuliwa kwa pamoja, jumla ya mwaka haibadiliki; ila Sh 60,000 za pili hutoka miezi 6 mapema. Kwa fedha hiyo iliyotangulizwa, kila jozi hupata siku nzima ya kukauka. Kama posho ni Sh 15,000 kwa siku, siku 4 zilizookolewa zinatosha bei ya jozi moja.

Dawa ya pili ni soksi mbili kwa siku. Baada ya udhu wa adhuhuri, miguu ifutwe kwa kitambaa kikavu, hasa kati ya vidole, ndipo zivaliwe soksi safi. Soksi za pamba hushika maji. Zenye mchanganyiko wa sufu ni bora.

Usiku, soli ya ndani itolewe, buti lijazwe magazeti na kuwekwa kivulini penye upepo. Jua kali hupasua ngozi yake. Jasho likizidi, dawa yenye aluminiamu kloraidi hupakwa wakati wa kulala, juu ya ngozi kavu isiyo na jeraha. Dawa ya fangasi imalizwe kama ilivyoelekezwa, hata muwasho ukiisha mapema. Mguu ukivimba, ukitoa usaha au homa ikipanda, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye ghala anashauriwa kuanza na kitu rahisi: ubao wenye misumari, penye upepo, wa kutundikia mabuti yanayosubiri zamu yao.