Kambi Kabla ya Risasi: Funzo la Kitabibu Kutoka Rejimenti ya 26 ya North Carolina, 1861–1865

Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Rejimenti ya 26 ya askari wa miguu ya North Carolina ilipata sifa kutokana na alasiri moja, ile ya tarehe 1 Julai 1863 huko Gettysburg. Ilipigana upande wa majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kuuhifadhi utumwa. Kwa mwanafunzi wa tiba, hata hivyo, historia ya rejimenti hii haianzii Gettysburg. Inaanzia kambini.

Adui wa kwanza

Rejimenti iliundwa karibu na mji wa Raleigh mwezi Agosti 1861, chini ya Kanali Zebulon Vance. Kila kampani ilikusanya watu wa wilaya moja: ndugu, majirani na wanafunzi wa shule moja. Wengi walikuwa vijana wa mashambani. Walipopelekwa kulinda pwani ya jimbo lao, surua na homa ziliwapata kabla hawajaonana na adui.

Sababu yake inaeleweka vyema leo. Surua huenea kwa njia ya hewa. Mtoto wa mjini aliugua mapema na, akipona, alibaki na kinga ya maisha. Kijana aliyekulia katika shamba la mbali mara nyingi alifika kambini bila kinga hiyo, akalala hema moja na wenzake wasio na kinga vilevile. Aliyenusurika na surua alibaki dhaifu, na nimonia ikampata. Chanjo ya surua haikupatikana hadi mwaka 1963, miaka mia moja baada ya Gettysburg.

Homa ya matumbo na kuhara damu zilikuwa na njia nyingine: vyoo vilivyochimbwa karibu na maji ya kunywa, na mikono isiyonawiwa. Madaktari wa wakati huo walilaumu hewa chafu, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuwa bado haijaenea. Inakadiriwa kwamba kati ya kila askari watatu waliokufa katika vita hivyo, wawili waliuawa na maradhi.

Alasiri ya Gettysburg

Rejimenti ilipigana New Bern mwezi Machi 1862 na Malvern Hill mwezi Julai mwaka huohuo. Vance alipochaguliwa kuwa gavana, uongozi ulimwangukia Henry King Burgwyn, aliyekuwa na umri wa miaka 20. Mwaka uliofuata aliwaongoza watu wapatao 800 kuvuka kijito cha Willoughby Run na kuwashambulia askari wa Rejimenti ya 24 ya Michigan waliokuwa msituni. Wabeba bendera walianguka mmoja baada ya mwingine. Burgwyn aliishika bendera, akapigwa risasi na kufa. Msaidizi wake, John Lane, aliichukua naye akajeruhiwa vibaya shingoni na kichwani. Kampani F, iliyotoka Wilaya ya Caldwell, ilipoteza karibu watu wake wote, na msiba huo ukaingia nyumba nyingi za wilaya moja kwa siku moja.

Hesabu rasmi ya mapigano yote ya Gettysburg ilitaja watu 86 waliouawa na 502 waliojeruhiwa. Kwa kila maiti mmoja, basi, walikuwapo majeruhi karibu sita waliohitaji daktari. Risasi ya Minié ilikuwa ya risasi laini. Ilipogonga mfupa iliuvunja vipande vingi na kuingiza uchafu wa nguo ndani ya jeraha. Ndiyo maana viungo vingi vilikatwa. Klorofomu ilikuwapo na ilipunguza maumivu, lakini msumeno uleule ulitumika kwa mgonjwa baada ya mgonjwa bila kutakaswa. Joseph Lister alichapisha mafunzo yake kuhusu dawa za kuzuia usaha mwaka 1867, vita vikiwa vimekwisha.

Jeshi la Kusini liliporudi nyuma, majeruhi walisafirishwa kwa magari ya farasi katika mvua kubwa, na wasioweza kusafiri waliachwa mikononi mwa madaktari wa upande wa pili. Lane alipona. Mwaka 1903 alikutana Gettysburg na mtu aliyempiga risasi, wote wakiwa wazee. Mabaki ya rejimenti yalijisalimisha Appomattox mwezi Aprili 1865.

Funzo

Ujasiri wa askari haukuwapa kinga, na ustadi wa daktari haukutosha pasipo usafi. Popote watu wengi wanapokusanywa ghafla, iwe bwenini, gerezani au katika kambi ya wakimbizi, mambo manne hutangulia yote: chanjo, nafasi ya kulala, maji safi, na choo kilicho mbali na kisima. Mhudumu wa afya anayeyakagua siku ya kwanza huokoa watu ambao baadaye hata dawa bora huenda isiwafae.