Ukivuka Miaka 60, Usiiachie Baiskeli Kazi Yote

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Kama umefika umri huo na bado unapanda baiskeli kutoka Kijenge, Arusha, kwenda sokoni, shambani au kanisani, una afya ya kutunzwa. Baiskeli hunufaisha moyo na mapafu, tena haiyapondi magoti. Lakini kwa kuwa ndiyo inayokubeba, mifupa haipati uzito wa kuiimarisha, na mikono na mgongo havifanyi kazi ya kutosha. Mzee anayetaka kuendesha kwa miaka mingi afanye mambo matatu: aendeshe kwa kipimo, ajenge nguvu akiwa chini, na apumzike vya kutosha.

Pima kwanza. Kabla ya kuongeza mwendo, kapime presha na sukari. Kama unatumia dawa za presha, mweleze daktari kwamba unaendesha baiskeli. Baadhi ya dawa hizo hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo kuhesabu mapigo kunaweza kukudanganya. Nyingine huongeza mkojo na kukupunguzia maji mwilini. Kipimo rahisi ni mazungumzo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, huo ni mwendo wa wastani. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo huo kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inakufikisha.

Panga njia kwa kuutazama mlima. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na ardhi yake inainuka kaskazini kuelekea Mlima Meru na kushuka kusini. Anayeanza kwa kuteremka kuelekea Njiro atakutana na mlima wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka. Kwa hiyo usiende mbali hadi nguvu ziishe. Geuza ukiwa bado unazo za kutosha. Dakika kumi za mwanzo endesha polepole mahali tambarare. Weka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, miguu izunguke bila kukaza magoti. Kama baiskeli yako haina gia, shuka usukume. Kutembea huku unasukuma kunaipa mifupa ule uzito inaoukosa ukiwa juu ya siti.

Rekebisha siti. Wengi huishusha ili miguu yote miwili ifike chini, kisha wanalalamika magoti. Mwombe mtu akushikie baiskeli, kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Fundi wa mtaani mwenye spana anaimaliza kazi hiyo mara moja. Kama umezoea siti ya chini, ipandishe kidogo kidogo.

Jenga nguvu siku mbili kwa wiki. Kaa kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, simama na ukae mara kumi. Pumzika, rudia mara mbili zaidi. Sukuma ukuta kwa mikono. Inuka kwa ncha za vidole vya miguu. Beba ndoo mbili zenye maji kiasi, mgongo ukiwa umenyooka. Siku tatu kwa wiki simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kisha badilisha. Mazoezi hayo ya mizani yatakusaidia pale bodaboda anapokukatiza ghafla nawe ukalazimika kutua mguu chini.

Ongeza kasi kidogo, kwa mpango. Robert Marchand wa Ufaransa alifanya mazoezi maalumu ya baiskeli kati ya umri wa miaka 101 na 103, na uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni ukapanda kwa asilimia 13. Karibu asilimia 80 ya mazoezi yake yalikuwa mepesi, na 20 magumu. Akiwa na miaka 102 aliendesha kilomita 26.927 kwa saa moja. Wewe, daktari akikuruhusu, chagua siku moja kwa wiki: kaza dakika moja, legeza dakika tatu, rudia mara nne. Siku inayofuata pumzika au tembea tu, maana misuli ya mzee huchelewa kupona.

Kula na kunywa. Kila mlo uwe na chakula cha kujenga misuli: maharage, dagaa, mayai au mtindi. Loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, ni mlo mzuri baada ya safari. Kiu hupungua umri ukienda, kwa hiyo kunywa maji kabla ya kuisikia.

Barabarani. Vaa kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana. Magari yakibanana kwenye kipilefti cha Impala, shuka uvuke kwa miguu. Masika, tope likijaa, fanya mazoezi ya ndani. Juni na Julai subiri jua litoke, uvae sweta. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama papo hapo uombe msaada wa kupelekwa hospitali.

Mwanzo wa kila mwezi hesabu unasimama kutoka kitini mara ngapi ndani ya sekunde 30, uandike kwenye daftari. Idadi ikipanda, endelea na mpango wako. Ikishuka miezi miwili mfululizo, punguza kilomita, angalia chakula na usingizi, kisha umwone daktari ukiwa na daftari hilo mkononi.