Kwa Nini Antibayotiki Haiponyi Kuhara Kunakoletwa na Virusi vya Rota

Mara nyingi mzazi hufika katika duka la dawa akiomba antibayotiki kwa ajili ya mtoto anayehara majimaji na kutapika, na mara nyingi huuziwa. Fedha hutumika, na kuhara huendelea. Katika somo hili tunaeleza yanayotendeka ndani ya utumbo wa mtoto aliyeambukizwa kirusi cha rota, kwa kuwa mtumiaji anayeyaelewa hayo si rahisi kuuziwa dawa isiyomfaa mwanawe.

Kirusi hiki kilitambuliwa kwa watoto wagonjwa mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenzake mjini Melbourne, Australia. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, maana chini ya darubini ya elektroni huonekana kama gurudumu dogo.

Urithi wa kirusi cha rota umeandikwa katika vipande 11 vya RNA, na kila kipande kina nyuzi mbili zilizoshikamana kama kamba iliyosokotwa. Hapo ndipo penye jambo. Seli zetu hutumia RNA ya uzi mmoja kama ujumbe wa kutengenezea protini, lakini hazina kimeng'enya cha kuisoma RNA ya nyuzi mbili na kutoa ujumbe kutoka kwayo. Tena seli ikiikuta RNA ndefu ya namna hiyo, huitambua kuwa ya mgeni na kuamsha kinga. Basi kirusi kina kazi mbili: kuja na zana zake chenyewe, na kuuficha urithi wake.

Yote mawili huyafanya kwa msaada wa magamba yake matatu ya protini. Katika utumbo mwembamba, vimeng'enya vyetu vya kusaga chakula hukata protini zilizochomoza kwenye gamba la nje, na mkato huo, kwa kinyume cha mtu anavyotarajia, ndio unaokiwezesha kirusi kupenya. Kikishaingia, gamba la nje huvuliwa. Mawili ya ndani hubaki, na RNA ya nyuzi mbili haitoki humo kamwe. Vimeng'enya ambavyo kirusi kimekuja navyo huisoma humo humo, na kusukuma nje nakala za uzi mmoja kupitia vitundu vya gamba. Ribosomu za seli huzipokea nakala hizo na kutengeneza protini za kirusi, kana kwamba amri imetoka kwa mwenye nyumba.

Protini hizo hujikusanya kuwa karakana ndogo ndani ya seli. Humo nakala, moja ya kila kipande, hufungashwa katika magamba mapya, na ni ndani ya gamba tu ndipo uzi wa pili huundwa mkabala wa ule wa kwanza. Virusi vichanga huvishwa gamba la tatu, kisha hutoka kuvamia seli nyingine. Gramu moja ya kinyesi cha mtoto mgonjwa yaweza kuwa na mabilioni ya virusi.

Antibayotiki hushambulia vitu ambavyo bakteria wanavyo, kama vile ukuta wa seli zao au ribosomu zao. Kirusi hakina ukuta huo, na ribosomu kinazotumia ni za mtoto. Dawa haina pa kupiga. Kinyesi chenye damu ni jambo jingine: mtoto huyo apelekwe kituo cha afya apimwe.

Kinachoua katika kuhara huku ni upotevu wa maji na chumvi. Kwa bahati njema, hata katika utumbo ulioathirika, njia inayofyonza sodiamu pamoja na glukosi huendelea kufanya kazi, na maji huzifuata. Ndiyo sababu ORS ina sukari na chumvi kwa vipimo maalumu, na ndiyo sababu tunasisitiza kusoma pakiti kabla ya kuchanganya. Pakiti ya lita 1 ikitiwa katika nusu lita huwa kali kupita kiasi na yaweza kumdhuru mtoto. Iliyochanganywa isitumike baada ya saa 24. Soda si mbadala wake. Zinki hutolewa miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, na kunyonyesha kuendelee.

Chanjo ya matone ya mdomoni ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto afikapo wiki 6.

Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na mzazi achukue pakiti za dawa zote alizokwisha kumpa.